Alama ya Sawasawa na Maana ya Kuita: Mazoezi ya Awali ya Python kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mazoezi ya kwanza ya Python yanavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili bila ya kupotosha maana. Python ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na za sekondari. Basi suala hili si la anasa. Mtoto wa Riruta, ambaye hununua, huuza na huhesabu chenji kwa Kiswahili kando ya Barabara ya Naivasha, huelezwa hesabu hizo hizo kwa Kiingereza aingiapo darasani. Akishindwa, hudhaniwa kuwa hajui hesabu, ilhali yamkini kilichomshinda ni maelezo.

Hata hivyo, kutafsiri tu hakutoshi. Tafsiri mbaya yaweza kumpoteza mwanafunzi zaidi ya Kiingereza chenyewe.

2. Kibadilika

Istilahi ya kwanza tunayoihitaji ni kibadilika. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi badilika na kiambishi ki- cha ngeli ya KI-VI. Lafaa kuliko kigeugeu, ambalo katika matumizi ya kawaida humtaja mtu asiye na msimamo. Tuchukue mfano wa mwuzaji wa mandazi:

mandazi = 47
bei = 10
mapato = mandazi * bei

Kinyota ni alama ya kuzidisha. Kwa hiyo mapato ni shilingi 470. Yafaa izingatiwe kwamba Python haidai majina haya yawe ya Kiingereza. Inadai kwamba jina lisianze kwa tarakimu, lisiwe na nafasi ndani yake, wala lisiwe mojawapo ya maneno machache yaliyohifadhiwa, kama vile if na while.

3. Tatizo la alama ya =

Sasa mwuzaji ameuza mandazi 12:

mandazi = mandazi - 12

Mwanafunzi mmoja wa Riruta aliutazama mstari huu kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwalimu, arubaini na saba itakuwaje sawa na thelathini na tano?" Swali lake lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikuwa nimeusoma mstari huo "mandazi ni sawa na mandazi toa kumi na mbili". Katika somo la hesabu, alama hii ni mizani: pande mbili zina uzito mmoja. Katika Python alama hiyo hiyo ni amri. Anayetaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa huandika alama mbili, yaani ==, naye hujibiwa ndiyo au siyo.

Basi tusomeje? Wako walimu wasemao "weka 47 ndani ya mandazi", kana kwamba kibadilika ni kikapu. Maelezo haya yanasaidia mwanzoni, lakini katika Python kibadilika ni jina lililofungwa kwenye thamani. Kwa hiyo kitenzi kifaacho zaidi ni ita: "Arubaini na saba, iite mandazi." Aidha, Python huanza kukokotoa upande wa kulia, ndipo itoe jina lililo upande wa kushoto. Mfuatano huo Kiswahili kinaueleza barabara kwa kiambishi -ka-: "Ilichukuliwa thamani inayoitwa mandazi, ikapunguzwa 12, ikapatikana 35, nayo ikaitwa mandazi." Nilipousoma mstari kwa namna hii, yule mwanafunzi hakuuliza tena, aliandika mwenyewe mstari wa kuongeza mandazi mengine.

4. Kugawanya na baki

Tuseme mandazi 47 yanatiwa katika mifuko, sita kwa kila mfuko. Python ina njia tatu za kujibu. Alama ya / hutoa desimali, yaani 7.83 na zaidi. Alama ya // hutoa mafungu kamili, yaani 7. Alama ya % hutoa baki, yaani 5. Mwanafunzi aliyezoea kusema "saba, baki tano" tayari anazijua hizo mbili za mwisho. Kinachobaki ni kumwonyesha alama zake.

5. Zoezi la saa

Zoezi linalotufaa kuliko yote latokana na saa zetu. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa kwa jua, hivyo hutofautiana na ya Kizungu kwa saa sita. Mwanafunzi huanza hivi:

kiswahili = (kizungu - 6) % 12

Akitia 9 hupata 3, yaani saa tatu asubuhi. Akitia 15 hupata 9, yaani saa tisa alasiri. Hata akitia 3, hesabu hushuka hadi hasi 3, lakini baki katika Python hufuata alama ya kigawanyo, naye hupata 9. Ajabu iko kwa 18: jibu ni 0. Nani amepata kusema "saa sifuri jioni"? Hapana budi kurekebisha:

kiswahili = (kizungu - 7) % 12 + 1

Sasa 18 hutoa 12, na saa nyingine zote huwa sahihi.

6. Hitimisho

Kosa la saa sifuri halikuonyeshwa na kompyuta, kwa maana kwake 0 ni jibu halali. Lilionekana kwa yule tu ajuaye kwamba jua likichwa tunasema saa kumi na mbili. Kwa hiyo Kiswahili si ngazi ya kumpandisha mtoto hadi Kiingereza, kisha ikatupwa. Ni chombo cha kupimia ukweli wa hesabu yenyewe. Kazi yetu sisi wa lugha ni kuchagua vitenzi kwa uangalifu kabla ya kuunda nomino mpya. Mwalimu akishajua kwamba = husomwa "iite", nusu ya somo la kwanza imekwisha.