Uwiano wa mgandamizo: Kipimo cha injini kisichagulie Kitale pekee

Gari la abiria linaloondoka Kitale kuelekea Bungoma hushuka takriban mita 500 kabla ya kufika mwisho wa safari. Abiria huenda wasitambue mteremko huo, lakini injini huutambua. Fundi anayeiunda injini upya bila kuzingatia tofauti hiyo aweza kumtia mwenye gari hasara kubwa.

Suala lenyewe ni uwiano wa mgandamizo. Hiki ni kipimo cha jinsi mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa ndani ya silinda kabla ya plagi kutoa cheche. Injini ikiwa na uwiano wa 10 kwa 1, basi mchanganyiko uliojaza nafasi 10 hubanwa hadi ukatosha katika nafasi moja.

Kadiri mchanganyiko unavyobanwa, ndivyo nguvu inavyopatikana zaidi kutokana na kiasi kile kile cha mafuta. Hapo ndipo kishawishi huanzia.

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nao Bungoma uko takriban mita 1,400. Hewa ya juu ni hafifu, na kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, injini isiyo na taboa hupoteza asilimia 1 hivi ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hivyo, gari lililo Kitale hukosa karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo lingekuwa nazo Mombasa.

Ni rahisi basi kwa mwenye gari kukubali akishauriwa kwamba hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ichongwe ili nafasi ya kuchomea mafuta ipungue na nguvu zirejee. Wengine hufikia hali hiyo bila kukusudia. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi ya alumini hupinda, na fundi hulazimika kuichonga ili ilale sawasawa. Kila inapochongwa, uwiano hupanda.

Mfano mzuri ni Toyota Probox, gari ambalo limekuwa tegemeo la usafiri katika barabara nyingi za magharibi mwa Kenya. Injini yake ya 1NZ-FE ina silinda nne, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7. Kiwanda kiliipa uwiano wa 10.5 kwa 1.

Hesabu yaonyesha kwamba kila pistoni husukuma sentimita 374 za ujazo, na nafasi inayobaki juu yake ni sentimita 39.4 pekee. Hedi ikichongwa nusu milimita, nafasi hiyo hupungua kwa takriban sentimita 2, na uwiano hufika karibu 11. Ikichongwa milimita nzima, uwiano hupita 11.5.

Je, faida yake ni ipi? Kwa nadharia, kupandisha uwiano kutoka 10.5 hadi 11.5 huongeza ufanisi wa injini kwa asilimia 2 hivi. Mwinuko umechukua asilimia 20. Ni wazi kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuchonga hedi.

Hasara, kwa upande mwingine, yaweza kuwa kubwa. Mchanganyiko ukibanwa mno hupata joto, na sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Dereva husikia mlio wa kugongagonga, hasa anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Mlio huo ukiendelea, pistoni huweza kutoboka na gasketi ya hedi kuungua.

Injini za kisasa huwa na kihisi kinachotambua mgongano huo na kuamuru cheche ichelewe. Injini huokoka, lakini cheche ikichelewa nguvu hupungua. Mwenye gari hubaki amelipia nguvu ambazo kompyuta ya gari humnyang'anya barabarani.

Kitale, hewa ikiwa hafifu na baridi, injini kama hiyo huweza kujaribiwa mbele ya gereji bila kutoa mlio wowote. Taabu huja gari likiwa limejaa abiria na mizigo, jua la mchana likiwaka, baada ya kupita Kiminini na Kamukuywa na kushuka hadi Webuye na Bungoma ambako hewa ni nzito zaidi. Likikodiwa kwenda Kisumu, ulioko chini zaidi, hatari huongezeka.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka ovyo. Zamani risasi ilitiwa katika petroli ili kuongeza uwezo huo, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia mwaka wa 2006 kwa sababu ya madhara yake kwa afya.

Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na petroli iliyochanganywa nayo hudhuru injini. Tatizo la uchanganyaji wa mafuta lilikuwa zito kiasi kwamba mnamo Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Injini ya biashara yafaa kuachiwa nafasi ya kustahimili siku ambayo mafuta si safi.

Jambo jingine huwapotosha wengi. Geji ya kupimia mgandamizo haionyeshi uwiano, bali shinikizo. Injini ile ile, ikiwa nzima kabisa, itaonyesha kiasi kidogo zaidi Kitale kuliko Bungoma, tofauti ikikaribia asilimia 6. Si haki kuihukumu kuwa imechoka kwa sababu hiyo pekee.

Njia ya busara ni kuurudisha uwiano wa kiwanda. Kabla ya kufunga injini, fundi aweza kupima nafasi iliyo kwenye hedi kwa kuifunika kioo na kuijaza mafuta kwa bomba la sindano, akihesabu kila sentimita. Iwapo imepungua, gasketi nene zaidi husaidia. Iwapo hedi imechongwa kupita kipimo kinachoruhusiwa, ni afadhali kutafuta nyingine.

Anayetaka kuongeza uwiano hata hivyo, na achague kwa kufikiria mahali pa chini zaidi, penye joto zaidi na mzigo mzito zaidi ambapo gari lake litafika. Injini inayohimili Bungoma mchana haitashindwa Kitale asubuhi, lakini kinyume chake hakina hakika.