Leseni si mauzo
Leseni (nm) [i-/zi-] ni idhini ya kutumia haki au jina la mwingine kwa muda na kwa masharti, aghalabu kwa malipo ya mrabaha. Kampuni huweza kuingia soko la kigeni kwa kumpa mwenyeji leseni, nayo ikabaki mwenye mali.

Mpaka huo huvunjika. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliipa kampuni ya Kijerumani idhini ya kuendesha utawala na forodha za pwani, Bagamoyo ikiwamo, kwa jina lake na chini ya bendera yake. Agosti kampuni ilitaka kupandisha bendera yake pia. Ugomvi ukazuka Bagamoyo na Pangani, na vita vya Abushiri vikafuata. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubali kumlipa Sultani marki milioni 4. Hayo sasa yalikuwa mauzo.