Kuezeka Baraza kwa Mabati

Huko Nchiru, upande wa Tigania katika Meru, mvua kubwa ya mwezi wa Novemba huupiga ukuta wa udongo usio na baraza hata chini yake humomonyoka. Mwenye nyumba aweza kuezeka baraza kwa mikono yake mwenyewe.

Nguzo iliyochimbiwa ardhini huliwa na mchwa; afadhali isimamishwe juu ya msingi wa saruji, ikishikwa na chuma kilichozamishwa humo. Mti wa mtarakwa huwashinda mchwa kuliko mkaratusi.

Mteremko wa paa usipungue inchi 2 kwa kila futi 1, la sivyo maji hurudi katika maungio. Misumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Wako mafundi wapigao bondeni kwa kuwa ni rahisi. Hao wasipewe nyundo.

Lakini adui mkubwa ni upepo. Baraza halina ukuta wa mbele, basi upepo huingia chini na kuliinua paa lote. Msumari peke yake hautoshi: kila boriti na ifungwe kwenye nguzo kwa mkanda wa chuma au waya mnene uliosokotwa, maana bati lililong'oka usiku laweza kumkata mtu.

Mfereji nao usisahauliwe. Paa la mita 6 kwa mita 2, likinyeshewa milimita 10 tu, hutoa maji yapata lita 120, yaani madebe 6, pasipo mtu kwenda mtoni.