Msichana na Lugha ya Kompyuta
Kompyuta haibagui mvulana na msichana. Hutii tu maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua, yaani programu. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kisumu, Kenya, walifika fainali za mashindano ya Technovation, California, kwa programu ya simu waliyoiita i-Cut. Ilikusudiwa kumwezesha msichana anayekabiliwa na ukeketaji kuomba msaada kwa kubonyeza kitufe. Mmoja wao alieleza kwamba mwenzao, baada ya kukeketwa, hakurudi tena shuleni. Tatizo walilijua, wakajifunza lugha ya kulikabili. Basi, mwalimu, usingoje kompyuta nyingi: hatua za programu huandikika kwa chaki. Muhimu ni kwamba msichana naye aishike chaki hiyo.