Duka Likijaa: Simu ya Tili Iwe Kaunta, Mlango Usifungwe

Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, maduka ya Migori na Homa Bay hujaa hadi nje. Sanduku, godoro, sare, madaftari: kila mzazi anavitaka siku hiyo hiyo. Desemba ni vivyo hivyo, mabasi ya Nairobi yakishusha watu Rongo na Oyugis. Na kama una duka Awendo, unajua vile kunakuwa pesa za miwa zikiingia.

Watu wakianza kubanana, wengi wetu huangalia mlango kwanza. Lakini mara nyingi mambo yamekwama kaunta. Mteja amelipa, ila meseji imeingia kwa simu ya mwenye duka, ambaye labda ameenda Kisii kuchukua mali. Mhudumu anampigia, hashiki. Mteja hawezi kutoka, wa nyuma yake hawezi kusonga, na walio nje bado wanaingia. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye anabanwa kwa rafu.

Kwa hivyo, kabla ya msimu kuanza, hakikisha simu inayopokea meseji za tili iko kaunta, ina chaji, na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuthibitisha malipo tu. Usikubali kuonyeshwa meseji kwa simu ya mteja. Matapeli hupenda sana siku za haraka kama hizi. Bandika namba ya tili na jina la duka kwa maandishi makubwa pale foleni inapoanzia, ndio mtu aisome mapema. PIN yake lakini aiweke akifika mbele, penye nafasi ya hatua moja hivi, si katikati ya msukumano wenye macho mengi.

Mtandao ukikwama, usimwambie mteja alipe mara ya pili. Mpe benchi kando asubiri, uhudumie anayefuata.

Sasa mlango. Kuna wanaoufunga ili mtu asitoroke bila kulipa. Tunaelewa, mali ni mtaji. Lakini Januari 28, 2009, moto ulipoteketeza supamaketi ya Nakumatt Downtown, Nairobi, watu zaidi ya 20 walikufa, na baadhi ya walionusurika walilalamika kwamba milango ilifungwa watu wakiwa ndani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mlango uweze kufunguliwa kwa urahisi kutoka ndani wakati wowote kuna watu kazini. Mlango wa nyuma nao uangalie: Januari ndio huzibwa na magodoro, na godoro likishika moto moshi wake ni hatari sana.

Soja asimame mlangoni akihesabu. Akiona ndani pamejaa, azuie wanaoingia hadi kaunta ipungue, na foleni ya nje ifuate ukuta, mbali na bodaboda.