Uamsho: Ni Nani Aliyelala?

Katika miji yetu hazipiti Jumapili nyingi bila kuonekana bango la mkutano wa uamsho. Vipaza sauti hufungwa, kwaya huimba, na mhubiri mgeni huwasihi watu waamke. Je, umepata kujiuliza ni nani hasa anayeambiwa maneno hayo? Neno lenyewe linajibu. Anayeamshwa ni yule aliyemo ndani ya nyumba, amejifunika shuka, na huenda anaota kwamba yu macho. Kueneza dini kwa wasioijua ni kazi nyingine. Uamsho huwahusu walio kanisani tayari, na pengine wale wanaoketi viti vya mbele.

Afrika ya Mashariki ina kisa cha jambo hili kilichojulikana duniani, nacho kilianza kwa watu wachache mno. Mwezi Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo, kwani nchi alikotoka ilikuwa imepigwa na njaa kali. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyewahi kufanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Hapakuwa na kwaya wala bango.

Baadaye Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkubwa wa watumishi wa Kiafrika katika hospitali ya Gahini, naye alikwenda kumwona Nsibambi. Alikuwa na malalamiko mengi juu ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwonyesha kwamba chanzo cha ubaya ule kilikuwa moyoni mwake yeye mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini akaungama. Kwa maoni yangu, kiini cha habari yote kimo hapa: mtu alikwenda kushitaki wenzake, akarudi amejishitaki.

Tangu hapo, na hasa baada ya mwaka 1936, moto ule ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukiingia kwetu hasa kwa njia ya Bukoba. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Na wengi walilitamka jina hilo kwa dhihaka. Walikutana kila juma, wakaungama hadharani, wakarudisha walichoiba na kulipa madeni waliyokuwa wakiyakwepa. Mume aliomba radhi kwa mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hata leo si jepesi katika nyumba zetu. Wamisionari wa Kizungu nao, katika enzi ile ya ukoloni, walisimama mbele ya Waafrika wakakiri kiburi cha rangi yao.

Usidhani kwamba walipendwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa kuwa hawakukubali kuacha kuamka alfajiri kusali na kuhubiri. Nao Balokole walikuwa na makosa yao. Wako waliogeuza kuungama kuwa mazoea, na wako waliomhukumu kila asiyesema kama wao. Mtu aweza kujivunia hata machozi yake.

Mtihani mgumu ulikuja pale dini ilipokutana na damu. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu hawa walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengine wao walikataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Wakachukiwa na pande zote mbili. Baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 baada ya kuukemea utawala wa Idi Amin.

Walakini mwaka 1994, katika Rwanda ileile ya Gahini, Wakristo waliwaua Wakristo wenzao katika mauaji ya kimbari, na watu waliokimbilia makanisani walichinjwa humo humo. Wako waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha yao. Wako pia waliojua nyimbo za uamsho kwa moyo na bado wakashika panga. Nyimbo mtoto aweza kuzipokea kwa mzazi wake. Ungamo la Kinuka hakuna aliyeweza kumwachia mwanawe kama shamba.

Basi bango likitundikwa mtaani kwako, nenda ukapenda. Lakini Jumatatu yake mwulize mwenye duka kama madeni yake yamelipwa, na mwulize mama wa nyumba iliyo jirani kama usiku ule alilala bila kupigwa.