Haidrenjia: buluu inayotoka ardhini

Je, wajua kwamba haidrenjia ya buluu na ya waridi zinaweza kutoka kwenye kichaka kimoja? Kata pingili mbili za mmea huohuo, panda moja kwenye udongo wa tindikali kule Tukuyu na nyingine kando ya ukuta mpya wa saruji mjini Iringa. Ya kwanza itaelekea buluu. Ya pili, kwa sababu saruji huachia chokaa udongoni, itaelekea waridi. Wengi hudhani rangi huja na mche, hivyo hununua mche mwingine wanapoona hawakupata waliyoitaka. Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini, rangi hiyo ni taarifa kuhusu ardhi anayolima, na inafaa isomwe kabla ya kubadilishwa.

Kirangi kilichomo ndani ya ua la buluu na la waridi ni kilekile, delfinidini. Kinacholeta tofauti ni alumini. Madini haya yamo karibu katika kila udongo, lakini kwa kawaida yamefungwa humo. Tindikali ikizidi, pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka na mizizi huifyonza. Ikifika kwenye ua hushikamana na kirangi, na waridi hugeuka buluu. Wanafunzi waliotumia karatasi ya litimasi watashangaa, maana litimasi huwa nyekundu kwenye tindikali, na haidrenjia hufanya kinyume. Sababu ni kwamba tindikali yenyewe hailipaki ua rangi. Kazi yake ni kuifungulia alumini njia.

Katika Rungwe na Mufindi mvua nyingi zimeosha kalsiamu na magnesiamu kwa muda mrefu, zikaacha udongo ambao chai huupenda. Mchai nao hulimbikiza alumini kwenye majani yake yaliyokomaa bila kudhurika. Maharage hayana uwezo huo, na mahindi mengi pia hayana: alumini iliyoyeyuka hudumaza ncha za mizizi yake, na huko udongoni hukamata fosforasi isiyafikie. Kwa hiyo mwenye nyumba ambaye haidrenjia zake ni za buluu iliyokolea huku maharage ya uani yakidumaa ana sababu nzuri ya kufikiria chokaa ya kilimo kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea.

Mtaalamu wa udongo atapinga akisema kwamba ua si kipimo, na pingamizi lake lina uzito. Haidrenjia nyeupe hazibadiliki kuwa buluu. Mbolea yenye fosforasi nyingi, kama DAP au ya Minjingu, hufunga alumini, basi ua linaweza kuwa la waridi juu ya ardhi yenye tindikali. Majivu ya jikoni nayo hupunguza tindikali pale tu yalipomwagwa. Hata hivyo, pingamizi hizi haziugusi ushahidi wa rangi zote mbili kwa usawa. Waridi ina sababu nyingi, hivyo haitoshi kuthibitisha kwamba udongo ni salama. Buluu, isipokuwa pale mtu alipotia shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, kwa makusudi, ina sababu karibu moja tu. Ua halitakuambia chokaa kiasi gani kinahitajika. Kwa hilo, sampuli ya udongo iende kupimwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole.

Ushahidi huo haupatikani mmea usipochanua, na hapa wengi hukosea. Vichipukizi vya maua hujengwa katika wiki kadhaa za baridi, joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Ndiyo sababu haidrenjia hunawiri Mbeya na husumbua Dar es Salaam. Pogoa mara tu maua yanaponyauka. Anayekata matawi Agosti au Septemba huondoa maua yaliyokwisha kuandaliwa wakati wa kipupwe. Pingili ya sentimita 10 hadi 15, kutoka tawi lisilo na ua, ipandwe mvua zinapoanza, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Kiangazi kinahitaji maji na matandazo. Majani ya misonobari ya msitu wa Sao Hill hufaa sana kutunza unyevu, ila wanaotumaini yataleta buluu watangoja mno, kwa kuwa uwezo wake wa kuongeza tindikali ni mdogo. Kichaka kizungushiwe uzio pia, kwani majani yake yana sumu inayoweza kumdhuru mbuzi au ng'ombe.